Kuoza na Ndugu Zake: Uhakiki wa Neno Linalobebeshwa Mengi

Mwanafunzi mmoja wa madarasa ya juu aliwahi kumwuliza mwalimu wake hivi: "Madini ya urani yakioza, hunuka?" Wenzake walicheka, na mwalimu akamkemea. Walakini kijana yule hakuwa mjinga. Kitabu kilichokuwa mbele yake kilisema kwamba urani "huoza", naye alijua tangu utotoni jinsi kitu kilichooza kilivyo: hulainika, hunuka, huingia funza, na mwisho hutupwa. Waliostahili kukemewa ni sisi tunaoandika vitabu na kuvifasiri.

Asili ya kosa ni hii. Kiingereza kina neno moja, decay, nalo latumika kwa jino la mtoto, kwa ubao wa mlango, kwa mji uliohamwa, kwa sauti ya kengele inayofifia, kwa atomu za urani, na kwa tabia za watu. Mfasiri wetu akilikuta huandika "kuoza", kisha huendelea na kazi yake. Kwa njia hiyo neno la jikoni limepelekwa maabarani, barazani na mimbarini, bila mtu kuuliza kama laweza kubeba mzigo huo.

Katika makala haya nataka kuonyesha mambo mawili. La kwanza, Kiswahili si maskini katika jambo hili. Kina maneno mengi, na kila moja hutaja namna yake ya kuharibika. La pili, kosa hili halimdhuru mwanafunzi wa sayansi peke yake. Akoseaye neno hukosea na dawa. Na walimu na makasisi, ambao kila siku huulizwa lipi lishikwe na lipi liachwe, ndio walio karibu zaidi na hatari hiyo.

I. Maneno yenyewe

Na tuanze na kuoza. Neno hili ni la Kibantu, na ndugu zake wapo mbali na pwani: Mnyarwanda husema kubora, Mzulu husema ukubola. (Kuoza la pili, yaani kumwoza binti, latoka katika kuoa, wala halina udugu na hili. Padre huoza vijana kila mwaka, na hapana aliyelalamika.) Katika shina lile lile la kubora ndimo lilimotoka neno -ovu, lenye sura mbili katika lugha yetu. Twasema tunda bovu, twasema mtu mwovu. Hapana asemaye tunda ovu. Basi wazee waliotuachia lugha waliona kuna ujamaa kati ya kuoza kwa tunda na ubaya wa moyo, lakini hawakuridhika kuviacha viwili hivyo katika sura moja. Msomaji alishike jambo hili, maana tutalirudia.

Kuvunda ni kuoza kwa joto na unyevu pasipo hewa: maji ya dimbwi huvunda, majani yaliyorundikwa huvunda. Lakini tazama kuvundika. Ndizi mbichi huvundikwa ili ziive. Joto lile lile la kufunikiwa, likiachwa kupita kiasi, ni uvundo. Likipimwa na mkono wa mtu ajuaye, ni chakula.

Kuchacha ni habari nyingine. Wali wa jana huchacha, tui huchacha. Na tembo la mnazi ni tamu asubuhi, hupata ukali kufikia jioni, na likiachwa zaidi huwa siki. Hakuna mtu wa pwani asemaye kwamba siki ni tembo lililooza. Ni tembo lililogeuka, nalo huuzwa sokoni na kutiwa katika achari.

Kuvia ni kukoma kwa kitu kabla ya kutimia. Mmea huvia ukakosa kukua. Damu huvia chini ya ngozi. Katika ukoo huo huo limo yai viza, yaani yai lililoatamiwa lisianguliwe. Hunuka, ndiyo, lakini jina lake halitaji harufu. Lataja uhai ulioanza usifike.

Kuchakaa ni kwisha kwa kutumika. Kanzu huchakaa, mkeka huchakaa, jembe huchakaa. Kilichochakaa hakina ugonjwa wowote. Kina historia ya kazi. Kubunguliwa ni kuliwa na mdudu kwa ndani, hata gunia la mahindi au boriti ya nyumba ikaonekana nzima kwa nje, ilhali ndani mna unga mtupu. Kuchujuka ni kupotea kwa rangi katika nguo iliyo imara bado. Kufifia ni kwa sauti na nuru. Kumomonyoka ni kwa udongo na ukuta, punje baada ya punje. Na juu ya yote lipo kuharibika, neno lililotoka Kiarabu, ambalo ni pana kama jamvi la msikitini na hukalisha kila mgeni. Waliofasiri Biblia ya Union iliyochapwa mwaka 1952 walipofika mahali pa Mtume Paulo asemapo juu ya ufufuo, walichagua uharibifu wala hawakuchagua uozo. Nadhani walifanya vema, maana mwili wa mwanadamu hupungua kwa njia nyingi kabla haujalazwa kaburini.

II. Mafundisho ya sayansi

Wengine watasema: haya ni maneno ya jikoni na sokoni, sayansi haina haja nayo. Nasema kinyume chake. Kila sayansi ilipoendelea katika jambo hili, iliendelea kwa kutenganisha yale ambayo watu waliyachanganya.

Mwaka 1668 Francesco Redi wa Italia aliweka nyama katika vyombo, vingine wazi, vingine vimefunikwa kwa kitambaa chembamba. Nyama zote zilioza, lakini funza walionekana palipoweza kufika nzi. Basi kuoza na kuingia funza ni mambo mawili. Mwaka 1857 Louis Pasteur wa Ufaransa alieleza kwamba kuchacha kwa maziwa ni kazi ya vijidudu hai visivyoonekana kwa macho. Miaka michache baadaye alichemsha mchuzi katika chupa zenye shingo ndefu iliyopindwa. Hewa iliingia, vumbi lenye vijidudu likakwama shingoni, na mchuzi ukakaa bila kuoza; shingo ilipovunjwa, uliharibika upesi. Tangu hapo imejulikana kwamba kuoza kwa nyama si umri wake. Ni kuliwa kwake. Nyama yaweza kuzeeka isioze, kama ajuavyo kila mwuza ng'onda, ambaye hukausha samaki kwa chumvi na jua ili vijidudu vikose maji.

Mfano ulio bora zaidi upo Unguja, pwani ya mashariki, katika vijiji kama Jambiani na Paje. Huko wanawake hufukia makumbi ya nazi katika mchanga wa ufuko, mahali maji ya bahari yanapojaa na kupwa, wakayaacha miezi kadha wa kadha. Vijidudu hula nyama laini ya kumbi, lakini nyuzi ngumu hawaziwezi upesi. Kisha makumbi hufukuliwa, hupondwa, huoshwa, na nyuzi zikasokotwa kamba. Wanawake hawa wanajua kuoza kuliko wengi wetu. Wanajua kinaoza nini, kwa muda gani, na kinabaki nini. Akifukua mapema mno, nyuzi hazitoki; akichelewa mno, hazina nguvu.

Jino nalo husemwa kuwa limeoza. Watu wa mataifa mengi waliamini kwamba mna mdudu ndani yake. Mwaka 1890 W. D. Miller, Mmarekani aliyekuwa akifanya kazi Berlin, alieleza kwamba vijidudu vya kinywani hugeuza sukari na wanga kuwa asidi, nayo asidi huyeyusha madini ya jino. Basi jino, hasa mwanzoni, haliozi. Huliwa na ukali, kama chokaa iliyomwagiwa siki. Tofauti hii ni ya maana. Mtoto akiambiwa jino limeoza, hungoja ling'olewe, maana kilichooza hutupwa. Akiambiwa jino linaliwa na ukali uletwao na peremende, ataelewa kwa nini apunguze peremende na apige mswaki.

Twafika sasa kwenye urani. Mwaka 1896 Henri Becquerel aligundua kwamba madini hayo hutoa miali yenyewe, pasipo kuwashwa na kitu. Mwaka 1902 Ernest Rutherford na Frederick Soddy, waliokuwa Montreal, walieleza kwamba miali hiyo ni dalili ya kitu cha asili kimoja kugeuka kuwa kingine. Na kitabu alichokitoa Rutherford mwaka 1906 kilitaja katika jina lake mageuko. Urani, baada ya hatua nyingi, huwa risasi. Katika miaka 4,500,000,000 hivi, nusu ya atomu zake huwa zimegeuka, katika muda kama huo tena, nusu ya zilizosalia, na kadhalika. Joto haliuharakishi mgeuko huo, wala baridi haiucheleweshi. Hapana funza, hapana harufu, hapana ulaini. Kuoza kwa nyama hubadilika kwa hali ya hewa ya siku ile ile; mgeuko huu hauijali hali ya hewa hata kidogo, na kwa sababu hiyo wataalamu huutumia kama saa.

Saa hiyo imetufaa hata sisi wa Afrika ya Mashariki. Mwaka 1959 Mary Leakey alivumbua katika bonde la Olduvai fuvu la kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu. Majivu ya volkeno ya mahali hapo yalikuwa na potasi, ambayo sehemu yake ndogo hugeuka kuwa hewa ya argoni. Kwa kupima argoni iliyonaswa ndani ya mawe, wataalamu walitangaza mwaka 1961 kwamba umri wake ni kadiri ya miaka 1,750,000. Basi tukimwambia mwanafunzi kwamba tumejua umri wa fuvu kwa sababu majivu "yameoza", tumemfundisha nini?

Niliwahi kupendekeza neno kumeguka, kwa kuwa urani humegua kipande cha kiini chake. Nimeliacha. Atomu ya potasi igeukapo kuwa argoni, kiini chake hakimegui kitu. Humeza elektroni yake mwenyewe. Neno lifaalo kwa yote ni kugeuka, na jina lake ni mgeuko wa viini. Ni neno la kawaida, halina fahari, na halisemi uongo.

III. Nyumba na miji

Tutoke maabarani twende mjini. Nyumba za kale za Mji Mkongwe wa Unguja zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake huchukuliwa na boriti za mikoko. Paa likivuja, maji huingia ukutani. Chokaa humomonyoka, ncha za boriti zilizomo ukutani huoza kwa unyevu au huliwa na mchwa, na chuma kilichotiwa baadaye hushika kutu, kikavimba na kupasua jiwe. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Jumba la Maajabu, alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883, ilianguka na watu wawili wakafa. Katika majengo ya namna hii, asemaye tu kwamba "jumba limeoza" hajamsaidia fundi. Fundi atauliza: kilichoanza ni chokaa, ni boriti, ni chuma, au ni bomba la maji lisilotengenezwa? Kila moja lina dawa yake, na lisipotajwa kwa jina hungojewa hata siku ya msiba.

Kwa miji mizima kosa huwa kubwa zaidi. Wasafiri na waandishi wengi wa zamani walipoona magofu ya Kilwa Kisiwani waliandika juu ya ustaarabu uliooza, kana kwamba mji ulikuwa tunda lililokaa mno mtini. Tuyaangalie mambo yenyewe. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, akausifu mji. Mwaka 1505 askari wa Kireno chini ya Francisco de Almeida waliushambulia, wakauteka nyara, wakajenga ngome. Njia za dhahabu ya Sofala zilivurugwa. Katika karne ya 18 mji uliinuka tena, na biashara yake kubwa wakati huo ilikuwa ya watumwa. Mji ulionyang'anywa haukuoza, ulivunjwa.

Hapa ndipo ilipo sumu ya neno hili likitumiwa ovyo. Kuvunja kuna mvunjaji, na kunyang'anya kuna mnyang'anyi. Kuoza hakuna mtenda. Mwandishi asemaye mji "ulioza" amewaachilia wote waliohusika, wala hakuona kwamba ametoa hukumu. Hata leo magofu ya Kilwa na Songo Mnara, yaliyotiwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981, yaliwekwa mwaka 2004 katika orodha ya yaliyo hatarini, yakaondolewa humo mwaka 2014 baada ya kazi ya kuyahifadhi. Kama yangekuwa yameoza, kazi hiyo isingefaa kitu.

IV. Mila, lugha na watu

Nimekwisha kulifikia jambo linalotuhusu hasa. Ni mara ngapi tumesikia, au kusema wenyewe, kwamba "mila zimeoza", "vijana wameoza", "lugha imeoza"?

Juu ya lugha nitasema machache. August Schleicher wa Ujerumani, aliyefariki mwaka 1868, alifundisha kwamba lugha ni kama mwili ulio hai, hukua kisha huchakaa na kufa. Kwa kipimo hicho Kiswahili kingehesabiwa mgonjwa, maana kimepoteza toni zilizomo katika lugha nyingi za Kibantu. Lakini ni nani aliyepungukiwa? Utenzi haukukosa mizani, wala mama hakukosa kumbembeleza mwanawe. Lugha ile iligeuka.

Juu ya tabia za watu, magazeti ya siku hizi hupenda kusema mmomonyoko wa maadili. Ni neno zuri kuliko kuoza, mradi tulichukue pamoja na maana yake yote. Udongo haumomonyoki kwa hiari yake. Humomonyoka palipokatwa miti na kulishwa mifugo kupita kiasi. Huko Kondoa udongo ulikuwa umeharibika sana. Mwaka 1973 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, na mwaka 1979 mifugo iliondolewa katika eneo lililoharibika. Majani na miti vikaota tena. Hawakuukemea udongo. Basi ahubiriye mmomonyoko wa maadili aulizwe: ni mti gani uliokatwa, na nani aliukata?

Neno ufisadi, ambalo siku hizi hutajwa sana kwa wizi wa mali ya umma, shina lake la Kiarabu lina maana ya kuharibika na kuoza. Hapa sina ugomvi. Methali yetu yasema samaki mmoja akioza wote wameoza, na nyingine yasema nazi mbovu harabu ya nzima. Wazee walilinganisha sawasawa: uozo huambukiza, na rushwa huambukiza. Sikatazi mafumbo. Nasema fumbo na lifanane na jambo katika utendaji wake, lisifanane katika harufu tu.

Juu ya mila, nitatoa mfano wa Masasi. Walikuwapo walioona jando kuwa kitu kilichooza, kisichofaa ila kutupwa. Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa huko tangu 1926 hata 1944, hakuona hivyo. Aliyaondoa aliyoyahukumu kuwa hayafai, akayaacha mengine, akatia sala za Kikristo. Msomaji aweza kuikubali au kuikataa hukumu yake katika hili au lile. Ninaloonyesha ni hili tu, kwamba aliiona mila kama mtu auonavyo mkeka uliochanika: hushonwa. Methali husema usiache mbachao kwa msala upitao. Na mbacha, kama tujuavyo, ni mkeka uliochakaa. Walioitunga waliujua uchakavu wa mkeka wao, na bado waliushika.

Je, hakuna desturi ya kukataliwa kabisa? Ipo. Katika baadhi ya makabila mtoto kigego, yaani aliyeota meno ya juu kwanza, aliuawa. Lakini hapo neno kuoza lina kosa lingine. Kilichooza kilikuwa kizima hapo kwanza. Kumwua mtoto asiye na hatia hakukuwa tunda zuri lililoharibika baadaye. Kulikuwa uovu tangu siku ya kwanza. Ndiyo maana lugha ilitupa maneno mawili katika shina moja. Ubovu hutazamwa umefika wapi na nini kimesalia. Uovu hukatazwa.

V. Shauri

Shauri langu kwa walimu na makasisi wenzangu ni fupi. Kabla hatujaandika au kutamka kwamba kitu fulani kimeoza, tujiulize maswali matatu. Ni kitu gani, au ni nani, anayekiharibu? Ndani yake kimebaki nini kilicho kizima? Na kinataka nini: kushonwa, kukaushwa, kungojewa, kuzuiwa, au kutupwa? Majibu yakiisha kupatikana, neno litakuja lenyewe, maana lugha ilikwisha kuliweka akiba.

Na yule mwanafunzi aliyekemewa angestahili jibu hili: "La, mwanangu, urani hainuki, kwa sababu haiozi. Hugeuka. Sisi ndio tuliokosea kukwambia." Mwalimu akisema hivyo hatashushwa heshima, na darasa litakuwa limejifunza sayansi na Kiswahili kwa mara moja.